Bado ya Tatu

Katika shule ya madereva wa treni ya abiria, neno linalotisha kuliko yote si "ajali". Ajali wanaitaja kila siku, wanaichora ubaoni, wanaipigia hesabu mpaka inazoeleka. Neno linalotisha ni "bado". Mkufunzi akishakaa na wewe njiani miezi miwili, anajaza fomu, na chini kabisa ya fomu pana nafasi ya neno moja tu: Tayari au Bado. Ukiandikiwa Tayari, unakwenda kwenye mtihani. Ukiandikiwa Bado, unarudi njiani miezi miwili mingine. Ukipata Bado ya tatu, unarudishwa kwenye kazi uliyotoka, na ombi lako halipokelewi tena mpaka unazikwa.

Geti alikuwa na Bado mbili.

Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa sababu alisimama kwenye geti la kukagulia tiketi miaka tisa mizima. Miaka tisa ya "tiketi yako tafadhali" kwa watu ambao hata hawamtazami usoni. Kila asubuhi aliwaona madereva wakipita pembeni na mikoba yao, hawaulizwi tiketi, hawana haraka, na treni nzima inawasubiri wao. Akasema moyoni, na mimi siku moja nitapita pembeni. Watu walicheka. Yeye akajikaza kisabuni, akaomba mara nne, mara ya nne akachukuliwa. Darasani alikuwa wa kwanza. Kitabu cha kanuni alikijua mpaka ukurasa wenye madoa ya wino. Ilibaki njia tu, na njiani alipangiwa mjomba wake.

Huyo mjomba, kaka wa mama yake, walimwita Dakika. Miaka thelathini na mbili kazini na hajawahi kuchelewesha treni kwa uzembe wake. Alikuwa mrefu, mkimya, na shati lake lilipigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kiwiko. Madereva wengi wanawakimbia wanagenzi, maana mwanagenzi ni mtu wa kukuuliza maswali wakati unataka kunywa chai yako kwa amani. Dakika yeye aliwaomba. Mmoja akimaliza, anaomba mwingine, na asipopata anachukua likizo. Ofisi nzima ilimsifu: hakuna mtu mwenye moyo kama yule mzee. Geti alipopangiwa yeye, alilia kwa furaha chooni, akanawa uso, akatoka.

"Shikamoo mjomba," alimwambia siku ya kwanza, amesimama wima kama askari.

"Marahaba, mwanangu. Huku ndani sina mpwa. Huku ndani kuna taa na breki. Panda."

Sasa, kuna kitu kimoja cha njiani ambacho lazima kieleweke. Madereva wanakiita kutaja taa. Mwanagenzi akiwa kwenye chumba cha dereva, awe ameshika yeye wenzo wa mwendo au ameshika mkufunzi, ni yeye mwanagenzi anayetaja kwanza. Anainua mkono, ananyoosha kidole kwenye taa ya njia, anasema rangi kwa sauti: "Kijani!" Mkufunzi anaitikia: "Kijani." Taa inayofuata: "Njano!" "Njano," na mwendo unapunguzwa. "Nyekundu!" "Nyekundu," na treni inasimama. Anataja mmoja, anaitikia mwingine, toka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, taa sitini na moja kwenda na sitini na moja kurudi. Wameweka desturi hiyo ili jicho la mwanagenzi lizoee kutafuta taa mapema. Dereva akiwa peke yake anajitajia mwenyewe.

Geti aliipenda desturi ile kuliko kitu chochote. Alikuwa na macho makali ya mtu aliyezoea kuona tiketi bandia kwenye kiganja cha mtu anayekimbia. Taa iko mbali, haijafikia hata ukubwa wa punje, yeye ameshataja. Na sauti ya mjomba inaitikia pembeni yake, tulivu, bila kusita. Alijiona anasindikizwa.

Ndiyo maana Bado ya kwanza ilimshangaza, na ya pili ikamvunja moyo. Fomu inapelekwa ofisini ikiwa imefungwa kwenye bahasha, mwanagenzi anasomewa neno la mwisho tu. Alimuuliza mjomba, amekosea wapi? Mjomba akatazama mbele. "Unachelewa kidogo kwenye taa. Utakaa sawa. Vumilia." Geti akarudi nyumbani akaanza kujizoeza kutaja rangi za nguo za watu barabarani, kutoka dirishani, kama mwendawazimu. Mama yake alimkuta akinyoosha kidole kwa jirani aliyevaa gauni jekundu. Wakacheka wote wawili mpaka mama akakaa chini.

Jumatatu moja aliamka hana sauti. Mafua yalikuwa yamemkaba koo tangu Jumamosi, na asubuhi hiyo kilichotoka mdomoni kilikuwa upepo mtupu. Angeweza kuomba ruhusa. Lakini mtu mwenye Bado mbili haombi ruhusa. Alifika stesheni, akamkuta mjomba yuko ngazini kwa kichwa cha treni, akamwonyesha koo lake na kutikisa kichwa. Alikuwa umbali wa hatua mbili.

"Haya panda, panda, muda umefika," mjomba alisema.

Geti akadhani ameelewa.

Treni ya asubuhi ilikuwa imejaa mpaka milangoni: wauguzi, mafundi, wanafunzi wenye mabegi, kinamama wa sokoni. Mjomba ndiye aliyeshika wenzo wa mwendo. Walipotoka tu, taa ya kwanza ikaonekana. Geti akanyoosha kidole, akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Taja," mjomba alisema.

Geti akanong'ona. Injini ikameza.

"Nimesema taja! Umelala?"

Alimgusa bega, akaonyesha koo tena. Mjomba akageuka, akamtazama. Hapo Geti aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa karibu miezi sita, kwa sababu miezi yote hiyo alikuwa akitazama mbele. Macho ya mjomba yalimfikia, yakamzunguka, hayakutua. Yalikuwa na utando mweupe katikati, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Kisha akageuka mbele, akapunguza mwendo, treni ikatambaa. Kituo cha kwanza wakakifikia kwa kuchelewa dakika tatu. Dakika tatu kwa Dakika! Akasimama sawasawa kwenye alama, maana vituo vile alivijua kwa mgongo wake: daraja linavyolia, kona inavyomvuta, harufu ya kiwanda cha sabuni. Lakini taa hazina harufu.

Baada ya kituo cha pili alishindwa kuvumilia kuchelewa. Kwa miaka thelathini na mbili, taa ya kabla ya kituo cha tatu, saa ile ya asubuhi, ilikuwa kijani. Siku hiyo ilikuwa njano. Geti alinyoosha kidole mpaka kikagonga kioo.

"Kijani," mjomba akajitajia, akaongeza mwendo.

Geti alimvuta mkono. Mjomba akamsukuma kwa kiwiko. Kona ikaisha, na mbele kabisa taa nyekundu, na nyuma ya taa nyekundu mafundi wa reli watano wenye fulana za njano, wameinama juu ya kitoroli chao katikati ya njia. Geti alijitupa kwenye breki ya dharura kwa uzito wake wote. Magurudumu yalipiga yowe. Nyuma yao watu walianguka juu ya watu, mtoto akaanza kulia, vitu vikabingirika. Treni ilisimama hatua ishirini tu kabla ya taa. Mmoja wa mafundi aliinua mkono akapunga, kama anayesema asante. Hakujua kitu.

Redio ikaita. Chumba cha uongozaji kilitaka kujua kwa nini treni ya abiria imefunga breki ya dharura.

Mjomba alichukua redio. Sauti yake ilikuwa ile ile tulivu. "Mwanagenzi kaogopa," alisema. "Kaona watu mbali akashika breki bila kuambiwa. Tuko salama. Tunaendelea."

Geti alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia kila neno. Alifungua mdomo kukanusha, na mdomo ukatoa upepo.

Mwisho wa safari walikaa kwenye benchi nyuma ya karakana. Mjomba alitoa kitambaa akapangusa paji la uso, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni. Hakumngoja aulize.

"Ni ukungu," alisema. "Mwaka wa pili huu. Maumbo nayaona. Rangi zimeniacha. Kipimo cha macho kinakuja mwakani, na mimi nimebakiza miezi saba nistaafu. Miezi saba, mwanangu. Nilitaka nishuke kwenye treni kwa miguu yangu, watu wananipigia makofi. Sikutaka kushushwa."

Geti alinong'ona, polepole, kila neno likimkwaruza. "Na Bado zangu?"

Mjomba alikitoa tena kitambaa, akakikunja upya.

"Ukipita wewe, nitapewa mwingine. Huyo aliyekutangulia alikuwa anataja taa tukiwa tumeshaipita. Nilikuwa naomba Mungu njia nzima. Wewe una macho. Sijawahi kupata macho kama yako."

Basi hayo ndiyo malipo yake ya kuwa hodari. Kama angekuwa mvivu, angekuwa dereva zamani. Geti alihisi hasira ya mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka na mtu wa nyumbani kwao. Karibu miezi sita aliamini anafundishwa. Kumbe anatumiwa kama fimbo ya kipofu, na fimbo haiandikiwi Tayari.

"Ijumaa fomu inakwenda," mjomba alisema, akamshika mkono. "Nitaandika Tayari. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Wewe nyamaza tu mpaka nistaafu. Anayejua ni mimi na wewe peke yetu."

Geti hakuitika. Hakukataa pia. Na hilo litabaki lake, hakuna wa kumbebea: alirudi na ile treni jioni, mjomba ameomba yeye Geti aendeshe, wamejaa abiria, na alinyamaza.

Nyumbani mama alimpokea na maji ya moto yenye limau na tangawizi. Geti alimweleza kila kitu kwa kunong'ona, kichwa kikiwa mapajani kwa mama kama alipokuwa na miaka sita. Mama alimsikiliza bila kumkatisha, akimpapasa nywele.

"Maskini kaka yangu," mama alisema mwishowe. Kisha, baada ya kufikiri, "Na maskini wewe. Ulikuwa unawaza kufanya nini?"

"Nikamwambie Mkuu wa Mafunzo."

"Usiende na joto la moyo. Pumzika mpaka Ijumaa koo lipone. Ataandika Tayari, ameapa. Ukishakuwa dereva utasema chochote, na utaaminiwa. Leo nani atakuamini?"

Yalikuwa maneno ya busara, na yalitoka kwa mama. Geti akaomba ruhusa ya ugonjwa, akalala amepoa. Kesho yake mama alikwenda kwa kaka yake kumsalimia, akarudi jioni na machungwa.

Lakini mafundi wale watano hawakumwacha. Kila akifumba macho, yule mmoja alikuwa anapunga mkono. Alhamisi sauti ikarudi, nzito na ya kukwaruza, ila ilisikika. Geti akaona Ijumaa ni mbali. Mjomba yuko njiani leo na mwanagenzi wa kuazima, nani anajua anataja mapema au anataja akishapita? Akavaa sare, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa Mafunzo. Alipanga maneno yake njia nzima. Hakutaka mjomba aaibishwe. Alitaka kuomba mzee ashushwe kimyakimya, apewe darasa afundishe kanuni, aagwe kwa heshima.

Mkuu wa Mafunzo alikuwa mtu mfupi aliyezoea kufanya kazi amesimama, kwa sababu dirisha la ofisi yake lilitazama uani kwa treni na hakupenda kukosa kitu.

"Afadhali umekuja," alisema kabla Geti hajaketi. "Nilikuwa nitume mtu akuite. Fomu yako ya tatu imefika jana."

"Jana? Si ilikuwa Ijumaa?"

"Imewahi." Hakumtazama. "Samahani sana. Nilikuwa na matumaini na wewe. Kwa Bado ya tatu huwa tunamwonyesha mtu fomu yote, ni haki yake."

Akaisukuma mezani.

Geti alisoma. *Anaona taa kwa kuchelewa. Ana woga, Jumatatu alifunga breki ya dharura bila sababu. Ana kinyongo na mkufunzi, na huenda akamzushia maneno ili kujiokoa. Bado.*

Saini ilikuwa ya mjomba, imepanda mlima na kutoka nje ya mstari. Maneno mengine yote yalikaa juu ya mstari kama yamepangwa na rula, herufi za mviringo, kila "a" imefungwa, kila "z" ina mkia wake mfupi. Ulikuwa mwandiko wa mama yake. Mama aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini.

Alirudia kusoma. Huenda akamzushia maneno. Kwa hiyo Jumanne, siku ya machungwa, mama alikaa mezani kwa kaka yake akaandika hivi. Alitoka kumpapasa nywele, akaenda kuandika hivi. Na zile mbili za kwanza? Aliomba azione. Mkuu akafungua faili. Mwandiko ule ule. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Mama aliyecheka naye dirishani, Geti akitaja rangi ya gauni la jirani, alikuwa ameshaandika Bado mbili kwa mkono wake.

Alikaa.

"Una la kusema?" Mkuu aliuliza, kwa upole wa mtu anayetaka jambo liishe.

"Ninalo," Geti alisema. "Mjomba haoni rangi. Mwaka wa pili."

Mkuu alivuta pumzi. Akagusa mstari ule wa kinyongo kwa kidole, wala hakuhitaji kuusoma.

"Usiniamini mimi," Geti alisema. "Mwite. Anashuka saa nne."

Dakika aliingia saa nne na dakika mbili, shati limenyooka. Alisikia sauti ya Geti ikimwamkia, akasita kidogo mlangoni, kisha akaja akasimama karibu na dirisha alikoelekezwa. Mkuu hakuzunguka.

"Mzee, hapo mwisho wa uani kuna taa. Nitajie."

Ilikuwa taa kubwa, ya karibu, mtoto angeiona. Dakika aliinua uso kuelekea dirishani. Kisha akafanya kitu ambacho nadhani hata yeye hakujua anakifanya. Aliinamisha kichwa upande, sikio likiwa kwa Geti, akangoja.

Geti aliiona taa. Neno lilikuwa pale pale ulimini, limezoea kutoka lenyewe, na karibu miezi sita ya mazoea ilikuwa inamsukuma alitamke. Aliuma meno. Alimwona mjomba anangoja bado, na mzee yule alimtia huruma mpaka akachukia huruma yake mwenyewe.

"Kijani," Dakika alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Taa ilikuwa nyekundu. Mkuu alifunga faili, akalifungua tena, akakaa kwenye kiti chake, jambo ambalo watu wa ofisi ile hawakuwahi kuliona. Alimwambia mzee avue kitambulisho chake cha udereva akiweke mezani. Akamgeukia Geti, akamweleza wazi, bila kuzungusha: fomu tatu zimefutwa, ila na saa zake zote za njiani zimefutwa pamoja nazo, kwa sababu saa alizofundishwa na asiyeona hazihesabiki. Jumatatu ataanza na mkufunzi mwingine, kutoka sifuri.

"Sawa," Geti alisema.

"Lipo moja bado." Mkuu aliinua fomu ile ya tatu, akaitazama kwa karibu, safari hii akiisoma kweli. "Mzee, wewe hii hukuiandika. Nani alikuandikia?"

"Niliandika mwenyewe," Dakika alisema.

"Mtu asiyeona taa ya uani haandiki juu ya mistari hii. Aliyeandika alijua anachoandika, na treni ilikuwa na watu. Hili linakwenda mbele."

Dakika akageuza uso kumtafuta Geti, akamkosa, akaongea na hewa. "Mwanangu, mimi umeshanimaliza, sawa. Lakini yule alifanya kwa ajili yangu. Niliacha shule ili yeye asome, hajawahi kusahau. Usimtaje."

Mkuu alimtazama Geti. "Unaujua mwandiko huu?"

Geti alichukua karatasi. Alifikiria nyumba atakayorudi leo, sufuria jikoni, machungwa yaliyobaki kwenye kikapu, na mtu atakayemfungulia mlango. Alifikiria treni ya asubuhi.

"Naujua," alisema. "Ndio ulionifundisha kusoma. Ni wa mama yangu."

Mkuu akachukua kalamu, akamwomba ataje jina la mama yake, herufi moja moja. Geti akaanza kulitaja.